Karoli Lwanga na Watoto Aliowafundisha Kusali



Nilipokuwa katika mazoezi ya kichungaji kwenye kigango kimoja nje kidogo ya mji wa Bariadi, nilikabidhiwa watoto wa mafundisho ya Jumapili. Walikuwa thelathini, mara nyingine arobaini, kutegemea mvua na ng'ombe, kwa sababu huku Simiyu mtoto wa kiume wa miaka tisa ana zamu yake ya kuchunga, na zamu hiyo haijui Jumapili. Tulikaa chini ya mwembe kando ya kanisa, kwa kuwa ndani ya kanisa bati lilikuwa likiwaka joto kuanzia saa nne. Jumapili iliyotangulia tarehe 3 Juni niliwasimulia habari za Mashahidi wa Uganda. Nilisimulia haraka, kama nilivyosimuliwa mimi nilipokuwa mdogo: wavulana wa ikulu, mfalme mkali, moto, mbinguni. Nilipomaliza, binti mmoja wa kama miaka minane, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aliuliza ni nani aliyemfundisha Kizito kusali.

Nilimjibu kwamba ni Roho Mtakatifu. Jibu hilo ni la kweli, lakini siku ile lilikuwa pia jibu la mvivu. Mtoto alitaka jina la mtu, na mtu huyo yupo. Kila mwaka tunaimba Litania na kulitaja jina lake la kwanza kabisa katika kundi lile la ishirini na wawili, kisha tunaandika "na wenzake", na hapo tunamsahau kama mwalimu. Makala hii ni jibu langu kwa yule binti, limechelewa.

Karoli Lwanga alizaliwa yapata mwaka 1860 huko Buddu, kusini-magharibi mwa Buganda, upande wa Masaka ya leo. Alikuwa wa ukoo wa Ngabi, yaani ukoo ambao mwiko wake ni pongo. Sisi Wasukuma tunaoishi na majina ya koo na miiko yake hatuhitaji kuelezwa zaidi. Alikua kama vijana wengi wa wakati wake ambao familia zao zilitaka wapate nafasi: alipelekwa kutumika nyumbani kwa chifu. Huko ndiko kijana alikojifunza adabu, kupigana mieleka, kubeba ujumbe bila kuuharibu, na kukaa kimya mbele ya wakubwa. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na mwepesi wa kupendwa.

Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na minane, jambo lilitokea upande wetu wa ziwa ambalo lingebadilisha maisha yake bila yeye kujua. Mwishoni mwa mwaka 1878 msafara wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu bado wanawaita Mapadre Weupe, ulifika Kageye, kijiji cha Wasukuma kilichopo ufukweni, si mbali na Mwanza ya leo. Walikuwa wametembea kutoka Bagamoyo kwa miezi sita. Wenzao wakibaki Kageye, Padre Simeoni Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, wakapakana na visiwa, na tarehe 17 Februari 1879 wakafika Buganda. Naipenda sehemu hii ya habari. Tumezoea kusema imani ya Uganda kana kwamba ilishuka Uganda moja kwa moja kutoka Ulaya, kumbe ililala kwanza kwenye nchi ya Usukuma, ikala ugali wa huku, na kutafuta wapiga kasia wa huku.

Kabaka Mutesa aliwapokea. Barazani mwake walikuwapo tayari Waislamu kutoka pwani, na wamisionari Waanglikana waliowatangulia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mutesa alipenda kuwasikiliza wote wakibishana, na alikuwa mwerevu wa kutomkubali yeyote kabisa. Mwaka 1880 walibatizwa Wakatoliki wa kwanza. Mwaka 1882 wakabatizwa watu watatu ambao hapa tutawahitaji: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba. Kisha, Novemba mwaka huohuo, hali ikawa mbaya barazani na mapadre wakaondoka Buganda. Walivuka ziwa kurudi kusini na kujenga misheni Bukumbi, tena kwetu, katika nchi ya Wasukuma.

Kwa karibu miaka mitatu Buganda haikuwa na padre hata mmoja. Hapakuwa na Misa wala kitubio. Walibaki walei wachache, wengi wao wakiwa wamebatizwa miezi michache tu, na kundi la watu waliokuwa wakijifunza. Mtu angetarajia kwamba mapadre wakirudi watakuta majivu. Waliporudi Julai 1885 walikuta watu wengi zaidi ya waliowaacha, na watu hao walijua sala zao. Yosefu Mukasa alikuwa amefundisha ndani ya ikulu, Andrea Kaggwa nyumbani kwake, Matia Mulumba katika eneo alilokuwa akilitumikia.

Katika miaka hiyo isiyo na padre ndipo Lwanga alipojifunza kusali. Chifu wake alikuwa amefariki, naye pamoja na vijana wengine akajiunga na kundi la waamini wapya na kuishi nao. Maana yake ni kwamba mtu huyu, ambaye Kanisa zima la Afrika linamwita msimamizi, alifundishwa Ishara ya Msalaba na walei. Nasema hivi kwa ajili ya makatekista wa vigango vyetu vya Itilima, Meatu, Maswa na Busega, ambako padre anafika mara moja kwa mwezi ikiwa barabara haijakatwa na mto. Mara nyingine makatekista hawa wanaongea kana kwamba wanashikilia nafasi tu mpaka mwenye kazi aje. Lwanga ni zao la kazi ya namna hiyohiyo.

Oktoba 1884 Mutesa alifariki na mwanawe Mwanga, kijana wa miaka kama kumi na minane, akatawala. Ndipo Lwanga alipoingia ikulu. Aliwekwa kuwa mkubwa wa wahudumu vijana wa baraza kuu, chini ya Yosefu Mukasa. Wahudumu hao waliitwa abagalagala. Walikuwa mamia ya wavulana waliotolewa na machifu na wazazi kutoka nchi nzima, wengine wadogo sana, ili wamtumikie Kabaka na wakue kuwa viongozi. Ilikuwa ni shule ya uongozi ya nchi ile, na ilikuwa heshima kwa mzazi mtoto wake kuchaguliwa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo katika mafundisho ya watoto tunalipita pembeni, na mbele ya watoto wadogo tunafanya vizuri kulipita, lakini mbele ya watu wazima hatuna ruhusa hiyo. Mwanga aliwataka baadhi ya wavulana hao kimwili. Walikuwa watoto walio mbali na mama zao, katika nyumba ambayo neno la mwenye nyumba ndilo sheria. Yosefu Mukasa aliwalinda. Alijua ni saa ngapi mtoto fulani asionekane karibu na vyumba vya ndani, akampa kazi ya mbali. Ukisoma maisha ya mashahidi hawa kwa makini utaona kwamba kuwafundisha sala na kuwalinda vilikuwa kazi moja mikononi mwa watu walewale. Mtoto alipofundishwa kwamba mwili wake ni wa Mungu, alipata pia mtu mzima wa kusimama mlangoni.

Yosefu Mukasa alikufa kwa sababu ya kusema. Oktoba 1885 Mwanga aliagiza askofu Mwanglikana James Hannington auawe alipokuwa akiingia kupitia Busoga. Mukasa alimwonya Kabaka kwamba hata baba yake hakuwahi kuua wageni wa namna ile. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa. Ndiye Mkatoliki wa kwanza kati ya mashahidi hao.

Siku hiyohiyo Lwanga alikwenda misheni na kuomba ubatizo, akabatizwa pamoja na wakatekumeni wengine. Aliona mkubwa wake ameuawa, akaenda kuomba kitu kilekile kilichomuua. Alirudi ikulu usiku ule akiwa ndiye kiongozi wa wavulana Wakristo. Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini na mitano. Ni umri wangu, na mimi bado nahangaika kuwafanya watoto arobaini wakae kimya chini ya mwembe.

Kuanzia hapo mpaka kifo chake ni miezi sita na nusu tu. Hiyo ndiyo kazi yake yote ya ualimu tunayoifahamu vizuri.

Aliwafundisha nini? Si mambo makubwa. Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, Rozari, sala ya asubuhi na ya jioni, sala ya kabla na baada ya chakula. Ni yaleyale yaliyomo katika katekisimu ndogo ya mtoto wa Bariadi. Tofauti ni mazingira. Wavulana walisali usiku baada ya kazi, kwa sauti ya chini, wengine wakitoroka kwenda misheni gizani ili wapate fundisho na kurudi kabla hawajatafutwa. Mwanzoni mwa mwaka 1886 moto uliunguza jumba la Mengo na Mwanga akahamia Munyonyo, karibu na ziwa, na maisha haya ya kuvizia yakahamia huko.

Kuna neno ambalo linafaa tulitazame. Kwa Kiganda, mtu aliyejiunga na dini alisemwa kuwa anasoma. Okusoma lilikuwa neno la kusoma kitabu na pia neno la kusali, na Wakristo wote waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kiswahili na Uislamu vilikuwa vimeshafika barazani kwa Mutesa na wafanyabiashara wa pwani, na kwa Waislamu pia kusali na kusoma vilikwenda pamoja. Kwa hiyo mtoto wa ikulu aliposema amekwenda kusoma, alikuwa anakiri imani. Mimi ninayesoma falsafa nakiri kwamba kwangu vitu hivi viwili vimeachana: nasoma mchana darasani, nasali asubuhi kanisani, na siku nyingine havisalimiani. Wavulana wale hawakuwa na neno la kuvitenganisha.

Pia hawakuharakishwa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alikuwa ameagiza kwamba mtu ajiandae kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Agizo hilo liliwaumiza wengi, na aliyeumia kuliko wote alikuwa Kizito. Alikuwa na miaka kama kumi na minne, mdogo kuliko wote waliokuja kuuawa. Alimwendea Padre Lourdel mara kwa mara kuomba ubatizo na mara kwa mara aliambiwa asubiri. Mtu aliyewahi kuwafundisha watoto anamjua Kizito. Ni yule anayekaa mbele, anayenyosha mkono kabla swali halijaisha, anayekufuata mpaka kwenye baiskeli yako kukuuliza atapokea lini Komunyo ya kwanza. Tunamwambia asubiri, na mara nyingi tuko sahihi.

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alikwenda ziwani kuwinda viboko. Hakupata kitu, akarudi mapema akiwa na hasira, akakuta wahudumu hawapo. Akataka kujua wako wapi. Kati ya waliokosekana alikuwamo Muwafu, mtoto wa waziri mkuu na kipenzi cha Kabaka. Muwafu alirudi akiwa na Dionisi Ssebuggwawo, kijana wa miaka kama kumi na sita. Kabaka akamuuliza Dionisi walikuwa wakifanya nini, naye akasema kweli: alikuwa akimfundisha Muwafu dini. Mwanga akachukua mkuki na kumjeruhi vibaya, na kesho yake Dionisi akauawa palepale Munyonyo.

Naomba msomaji asipite haraka hapa. Mauaji haya yote ya Mei na Juni 1886 yalikuwa na sababu nyingi za nyuma: siasa, hofu ya wazungu, wivu wa wakubwa, tamaa iliyokataliwa. Lakini tukio lililoyaanzisha siku ile lilikuwa kipindi cha katekesi. Kijana alikuwa akimfundisha mtoto aliye mdogo kuliko yeye. Kabaka alielewa vizuri kuliko sisi kitu kinachofanyika katika kipindi kama hicho. Mtoto aliyejifunza kumwita Mungu Baba amepata wa kumtii juu ya Kabaka. Sisi kipindi hicho tunampa yeyote aliyebaki bila kazi baada ya Misa.

Milango ya boma ikafungwa. Usiku ule hakuna aliyeweza kutoka kwenda misheni, na padre hakuweza kuingia. Lwanga alijua kwamba asubuhi wataitwa. Miongoni mwa wavulana wake walikuwamo wanne ambao hawakuwa wamebatizwa: Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Akawabatiza yeye mwenyewe. Kanisa linafundisha kwamba katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, na kila mtoto wa Kipaimara anakariri jambo hilo kwa mtihani. Lwanga alilitumia. Miaka minne ya Lavigerie iliishia usiku ule, na aliyeihitimisha alikuwa mlei ambaye yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa miezi sita.

Usiku huo pia ndio unaotajwa katika mapokeo kwamba Kizito aliogopa. Lwanga alimwahidi kwamba wakati ukifika atamshika mkono.

Asubuhi ya tarehe 26 Mei wahudumu wote walikusanywa mbele ya Kabaka. Akaamuru wale wanaosali wasimame upande mmoja, na wasiosali wabaki upande wake. Neno lililotumika ni lilelile la kusoma. Lwanga alitangulia akiwa amemshika Kizito mkono, na wengine wakafuata, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mwanga aliwauliza kama wanakusudia kubaki Wakristo, wakakubali. Akawahukumu kuchomwa moto Namugongo.

Mbaga Tuzinde alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka, kama mwanawe. Mukajanga na jamaa walimsihi kijana akane, au angalau anyamaze wamfiche. Hakukubali. Padre Lourdel alikuwa amekuja kumsihi Kabaka na hakusikilizwa. Alisimama akawaona wakipitishwa wamefungwa kamba, wavulana wadogo fungu moja na vijana fungu jingine, na waliosimulia wanasema Kizito alikuwa akicheka na kuongea na wenzake kama mtoto anayekwenda mchezoni. Padre hakuweza kufanya chochote ila kuinua mkono na kuwapa maondoleo.

Njia ya kwenda Namugongo ilikuwa ndefu na wengine hawakufika. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani tarehe 26, Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza tarehe 27. Andrea Kaggwa, yule aliyewafundisha wengi wakati mapadre wako Bukumbi, alikuwa ameshauawa tarehe 26, na Matia Mulumba aliachwa kilimani pa Kampala akiwa amekatwa viungo ili afe polepole peke yake. Waliobaki walifikishwa Namugongo na kungojeshwa kwa wiki nzima wakati kuni zikikusanywa.

Tunajua kilichotokea wiki ile kwa sababu wavulana watatu waliokuwa kifungoni pamoja nao walisamehewa dakika ya mwisho: Dionisi Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe. Ndio walioshuhudia baadaye. Na ushuhuda wao, ukiutazama kwa macho ya mwalimu, ni kama ripoti ya mtihani. Wafungwa wale, miguu yao ikiwa katika mikatale na shingo zao katika nira za miti, walisali sala ya asubuhi. Walisali kabla ya kula na baada ya kula kile kidogo walichopewa. Walisali Rozari na sala ya jioni. Hapakuwa na padre wala kitabu, na hakuna aliyewasimamia isipokuwa Lwanga. Alikuwa amewafundisha usiku kwa kunong'ona, na sasa walisali mchana kwa sauti, mbele ya walinzi.

Nimesoma baadhi ya walimu wa siku hizi wakibeza kukariri. Wanasema mtoto asikaririshwe maneno asiyoyaelewa, afundishwe kuongea na Mungu kwa maneno yake mwenyewe. Wana hoja, na mimi mwenyewe nimeona watoto wakiitaja Nasadiki kama hesabu za kuzidisha huku macho yao yakifuata mbuzi. Lakini wiki ile ya Namugongo inanizuia kukubaliana nao moja kwa moja. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyefungwa karibu na kuni za kumchomea, maneno yake mwenyewe yatatoka wapi? Salamu Maria ilikuwapo. Ilikuwa imewekwa ndani yake mapema, kwa kurudiarudia, na mtu aliyempenda.

Alhamisi tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Lwanga alitengwa na wenzake kwanza. Mlinzi wa moto mtakatifu wa mahali pale, Ssenkoole, alimchagua yeye awe wake. Aliagana na wavulana wake hapohapo, akachomwa peke yake kwa moto mdogo uliowashwa kuanzia miguuni, ili achukue muda mrefu. Mashahidi wa tukio wanasema alikaa akisali kimya, na mwishoni akamwita Mungu wake kwa Kiganda, kisha akafa.

Kwa hiyo mkono alioahidi kuushika haukuwapo Kizito alipofungwa kwenye mzigo wa matete. Sijui kwa nini jambo hili huwa haliongelewi. Watoto wale walikwenda motoni bila mwalimu wao. Walifungwa mmoja mmoja katika matete na kulazwa juu ya kuni, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mukajanga aliagiza Mbaga Tuzinde apigwe shingoni kwanza ili asife kwa moto, na hiyo ndiyo huruma ya baba iliyopatikana siku ile. Walionusurika walisema sauti iliyosikika kutoka kwenye moto ilikuwa ya watu wanaosali pamoja.

Hapa kuna kosa dogo ambalo hata mahubiri yetu hulirudia, kwamba mashahidi wote ishirini na wawili walichomwa Namugongo siku moja. Sivyo. Waliuawa mahali mbalimbali kuanzia Novemba 1885 mpaka tarehe 27 Januari 1887, alipouawa Yohane Maria Muzeeyi, wa mwisho wao. Wala si wote walikuwa vijana: Matia Mulumba alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenye familia. Na pamoja na Wakatoliki ishirini na wawili kuna Waanglikana ishirini na watatu wanaohesabiwa. Nadhani watoto wanastahili kuambiwa hivyo tangu mwanzo.

Padre Lourdel alifariki mwaka 1890 akiwa na miaka thelathini na sita, Ukristo wa Buganda ukiwa umeshatapakaa kuliko alivyoweza kuhudumia. Papa Benedikto XV aliwatangaza mashahidi ishirini na wawili kuwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920. Mwaka 1934 Papa Pius XI alimfanya Karoli Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda, Papa wa kwanza wa nyakati zetu kukanyaga Afrika akiwa madarakani. Altare ya basilika ya Namugongo imejengwa mahali Lwanga alipochomwa, yaani si pale walipochomwa wavulana wake.

Nilirudi kwenye kigango kile kabla ya kuhama, nikawaambia watoto kwamba swali la mwenzao lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Nikawasimulia tena, safari hii polepole, kuanzia Kageye na mtumbwi. Suala la moto nililisema kwa sentensi moja. Nilikaa zaidi kwenye usiku ule wa milango iliyofungwa, maji, na ahadi ya mkono. Yule binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua kama Lwanga alikuwa padre. Nikasema hapana. Akauliza kama alikuwa mwalimu wa shule. Nikasema hapana, alikuwa mtu mkubwa kati ya watoto katika nyumba ya Kabaka. Alifikiri kidogo, akamvuta mdogo wake aliyekuwa akichora chini kwa kijiti, akamfuta vumbi mkononi na kumwonyesha tena paji la uso liko wapi na bega la kushoto liko wapi, maana yule mdogo bado alikuwa akianza na la kulia.